Kabla ya Mto Kuganda

21 Agosti

Naanza kuandika kwa sababu vitu viwili vinakuja kwenye Mto Kuskokwim na sijui kipi kitatangulia: tishari la mafuta au barafu. Kwa kawaida tishari hufika mwanzoni mwa Agosti, hujaza matangi makubwa ya ushirika, na kijiji hutulia. Mwaka huu halijaonekana. Kampuni ilisema ni injini, halafu ikasema ni kina cha maji, sasa haipokei simu. Nilifanya kazi ya redio mjini Bethel miaka thelathini kabla sijarudi kumtunza mama. Mtu anayebadilisha sababu namna hiyo hana jibu.

Mafuta ya jiko dukani ni dola saba na nusu galoni moja. Ikibidi yaletwe kwa ndege, wanasema kumi na nne.

Tangi la mama liko nje ya ukuta wa kaskazini, juu ya miguu ya mbao. Geji yake ilikufa zamani, kwa hiyo tunapima kwa fimbo ya mwerebi ambayo marehemu baba aliichonga alama kumi na mbili. Leo mafuta yanafika alama ya saba. Januari peke yake hula nne.

24 Agosti

Mvua. Fimbo: saba. Hakuna tishari.

2 Septemba

Fedosia, mhudumu wa zahanati yetu, alikuja kubadilisha mipira ya mashine ya oksijeni ya mama. Alipomaliza hakuinuka.

"Bibi Olinka, nitasema waziwazi. Nyumba hii ikipoa, hayo mapafu hayatavumilia. Mto ukiganda kabla ya mafuta kuja, nitakuitia ndege uende Bethel, kwenye nyumba ya wazee, mpaka barafu iondoke."

"Jiitie wewe," mama alisema. "Mimi siendi."

"Jamani bibi, si adhabu."

"Hata wale wa kwanza waliniambia si adhabu."

Fedosia alinitazama. Yeye ni kijana, pengine hajui. Mama alikuwa na miaka saba alipopakiwa kwenye ndege, akapelekwa hospitali ya kifua kikuu mbali kusini. Alikaa huko miaka mitatu. Aliporudi, mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa, na kwenye nyumba ya kaka yake palikuwa na mtoto mchanga aliyepewa jina la marehemu.

Mtoto huyo ni Evon. Kwetu anayepokea jina la marehemu hupokea na nafasi yake, awe mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo mama, mwenye miaka sabini na minane, humwita Evon "mama", na Evon, mdogo wake kwa miaka kumi, humwita "mwanangu". Kila akiingia neno lake la kwanza ni lile lile: "Mwanangu, umekula?" Hakuna anayecheka. Ni mama yake.

Mimi kwake ni kitu kingine. Evon ni mtoto wa mjomba, kwa hiyo sisi ni watani. Ananiita mke wake, nami namwita mume wangu mdogo. Linalosemwa kwa utani halijibiwi kwa hasira. Kwa kazi, ndiye mwenye funguo za pampu ya mafuta ya ushirika.

9 Septemba

Foleni kwenye pampu. Evon ametangaza galoni tano kwa nyumba, kwa wiki, bila kujali nani ni nani.

"Tano?" alisema jirani yetu Nikolai. "Mbwa wangu anakojoa zaidi ya hizo."

"Basi mlete tumfunge mpira," Evon alisema, bila kuondoa macho kwenye pampu.

Zamu yangu ilipofika akajaza dumu mpaka kwenye mstari, akalifuta kwa kitambaa. "Mke wangu, mwambie mwanangu nitapita Jumapili."

"Njoo na galoni kumi, utapokelewa vizuri."

"Ningekuwa nazo, ningeoa mwingine."

Watu walicheka. Nilipotazama nyuma nikiondoka, foleni ilikuwa imefika kanisani.

17 Septemba

Samaki wamekauka vizuri, matunda ya porini ni machache. Fimbo: saba, kwa sababu ya hizo galoni tano za kila wiki. Hakuna tishari.

26 Septemba

Kampuni imepokea simu. Tishari liko mdomoni mwa mto, linasubiri upepo upungue na maji yapande. Nikauliza ni nani anayesema hivyo na anaona nini dirishani kwake. Akasema yuko jiji jingine, anasoma kwenye skrini.

Mama hutoka kila asubuhi kutazama mto. Bomba la oksijeni linamfikisha mlangoni tu.

3 Oktoba

Evon amefunga pampu kwa kufuli. Hakueleza chochote. Amebandika karatasi: "Hakuna mauzo."

Nimepita nyuma ya matangi makubwa na kugonga chuma kwa ufunguo wangu, toka juu kwenda chini. Palipo patupu pana mlio mwingine. Tangi la pili si tupu. Robo yake hivi bado ina mafuta, na Evon anajua.

Fimbo: sita.

8 Oktoba

Leo alfajiri nilitoka kumwaga maji nikamwona Evon akisukuma toroli yenye madumu mawili ya buluu. Alitoka upande wa matangi ya ushirika, au upande wa nyumba yake. Kutoka nilipokuwa njia ni moja. Alikuwa anakwenda polepole kama mtu anayebeba kitu kizito asichotaka kisikike.

Mke wake Matrona yuko Bethel kwa binti yao anayesubiri kujifungua. Mwanamume mmoja, nyumba moja, madumu mawili. Ya nini?

Nimewahi kuripoti wizi wa mafuta ya umma vijiji vitatu kando ya mto huu. Kila mara alikuwa mtu anayependwa.

12 Oktoba

Barafu ya kwanza kwenye kingo, nyembamba. Watoto wanaivunja kwa visigino. Fimbo: sita. Nimeteremsha moto wa jiko na kumvisha mama soksi mbili. Naona inasaidia.

15 Oktoba

Fimbo bado sita. Nilitegemea tano au chini yake. Kubana matumizi kunalipa kuliko nilivyodhani.

Mama haongei sana. Leo amenirudishia sahani ikiwa na chakula chote, akisema koo lake limejaa ndege.

18 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Mama alikataa kubaki nyumbani, nikamleta kwenye trela na chupa yake ya oksijeni, amefungwa mablanketi kama mzigo wa posta.

Nikolai ndiye aliyefungua. Alimuuliza Evon mafuta kiasi gani yamebaki.

"Ya zahanati na ya mashine ya maji," Evon alisema. "Nikiyauza leo mtaota moto wiki mbili. Baadaye mabomba yatapasuka, na mtayeyusha theluji kunywa mpaka Mei. Baraza linajua."

Mwenyekiti alikubali kwa kichwa. Lakini watu hawakuridhika, nami nilikuwa na madumu mawili ya buluu kichwani. Kwetu mtu mzima hashtakiwi usoni mbele za watu. Mtani wake ndiye anayesimama kumtania, naye husikia, na wote husikia. Nikasimama.

"Mume wangu mdogo, mbona siku hizi unanuka mafuta kuliko samaki? Alfajiri nakuona na toroli na madumu. Una mwanamke mwingine anayeota moto wetu?"

Ukumbi ulilipuka. Evon alivua miwani akaifuta, kama anavyofuta kila kitu.

"Mke wangu ana wivu, mmesikia? Ninaye, ndiyo. Mafuta yangu yote nampelekea mwanangu. Nami nimehamia bafuni, kwenye nyumba ya mvuke, nakauka huko kama samaki. Njoo basi tukaushane!"

Kiti cha mtu kilianguka. Mwenyekiti alishika tumbo. Nami nilicheka, kwa sababu ndiyo kanuni, na kwa sababu alikuwa amenikwepa kwa ustadi. Nikakaa chini nikijua kwamba hakujibu.

Mama pekee hakucheka. Njiani kurudi alinigonga bega.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia, mama. Utani."

"Haya," alisema. Akavuta blanketi usoni.

22 Oktoba

Baridi imeshuka ghafla, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Mto unabeba vipande vya barafu vinavyosuguana usiku kucha, kama mtu anayesaga meno. Fimbo: tano.

Fedosia amepima hewa ya mama mara mbili na kuandika mara mbili. "Ndege ya tarehe thelathini," aliniambia nje. "Nafasi ipo. Usimwambie mpaka siku ile."

Sikumwambia. Jioni nikamkuta amefunga mlango wa chumba chake kwa kamba kutoka ndani. Hakuna aliyemwambia.

23 Oktoba

Fimbo: tano. Kamba bado ipo.

25 Oktoba

Tishari limegeuka. Kampuni imesema kwenye redio: barafu imejaa mtoni, haliwezi kupanda, litarudi masika. Mtangazaji alikuwa kijana niliyemfundisha. Alisoma kwa sauti tulivu, jinsi nilivyomwelekeza, na nilitamani ateleze hata neno moja.

Watu walisimama ukingoni. Nikolai alitupa jiwe. Likagonga barafu, likateleza, likasimama.

"Hiyo ndiyo meli yetu," alisema.

Familia mbili zimekwisha kuhamia kwa ndugu zao ili kuwasha jiko moja badala ya mawili. Nyumba zao zina madirisha meusi. Kila nikipita nafikiri ni ya nani itakayofuata, halafu nakumbuka kwamba naijua.

27 Oktoba

Tufani kutoka baharini. Sikupima kwa fimbo, kwa upepo huu hakusimamiki. Kwenye nyumba tunasikia paa likijaribu kuondoka. Mama amekaa kitandani amevaa viatu. Nilimuuliza kwa nini viatu.

"Mara ile walinichukua miguu mitupu," alisema.

29 Oktoba

Naandika haya saa za jioni.

Upepo ulikufa alfajiri ukaacha theluji mpya, safi. Kulipopambazuka nilitoka na fimbo. Nilikuwa nimejiandaa kukuta alama tatu, kwa tufani ile. Fimbo ilitoka imelowa mpaka ya sita.

Nikaipangusa nikapima tena. Sita.

Ndipo nikatazama chini. Nyayo zilikuja mpaka kwenye tangi letu na kuondoka, na ubavuni mwake palikuwa na alama mbili za mviringo ambapo madumu yalikaa. Tone moja la mafuta lilikuwa limeganda juu ya theluji. Mtu hakuja kuiba. Mtu alikuja kumimina.

Nilizifuata nyayo. Zilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Evon. Tangi lake nililigonga kwa fimbo; likalia tupu toka juu mpaka chini. Mrija wa kupeleka mafuta jikoni alikuwa ameukata na kuufungia bilula ya kuchotea. Dirisha la nyumba lilikuwa na barafu kwa ndani. Bomba la moshi halikutoa kitu.

Moshi ulitoka nyuma, kwenye nyumba ya mvuke. Kidogo sana, tena si kwenye paa bali kwenye nyufa za mlango.

Kila mtu hapa anajua nyumba ya mvuke. Ni chumba cha kuinamia, cha kuogea kwa jasho, jiko lake ni pipa lililokatwa, na juu ya paa kuna tundu. Tundu halizibwi mpaka makaa yafe. Tunawafundisha watoto kabla ya kuwafundisha kusoma. Nilitazama juu. Evon alikuwa ameliziba kwa gunia na ubao, kwa ajili ya tufani.

Mlango ulifunguka nusu ukagota kitu. Kitu hicho kilikuwa mguu wake.

Nilivuta pumzi nikaibana, nikaingia kwa magoti, nikamshika kwapani. Ni mtu mwembamba, lakini alikuwa mzito kama gogo lililolowa. Nilitoka mara moja kupumua, nikarudi. Mara ya pili tulitoka wote tukaanguka kwenye theluji. Uso wake ulikuwa mwekundu, wenye afya ya uongo. Niliwahi kuandika kuhusu hewa hiyo ya moto isiyo na harufu. Niliandika kwamba uso huwa hivyo.

Ndani kulikuwa na godoro, sufuria, picha ya Matrona na mafurushi ya kuni za mtoni. Alikuwa ameishi humo tangu lini? Tangu mkutano, angalau. Alituambia yeye mwenyewe, watu mia wakisikia, kwa maneno mepesi kabisa. Kwa kuwa nilimtania, alijibu kwa njia ya utani. Na kwa kuwa ilikuwa njia ya utani, tukacheka.

Nilipiga kelele. Nikolai alikuja na pikipiki ya theluji, tukamfikisha zahanati. Fedosia alimvisha barakoa ya oksijeni na kuita ndege ya dharura kutoka Bethel. Evon alipumua, lakini hakufumbua macho.

"Lazima mtu aende naye," Fedosia alisema. "Matrona yuko huko lakini hajapatikana kwenye simu. Akizinduka hewani asipomwona mtu anayemjua, atapigana. Zenia, utaweza?"

"Na mama abaki na nani?"

Nilikwenda nyumbani kumwambia mama. Alikuwa tayari amesimama mlangoni, bomba limenyooka kama kamba ya kufungia mbwa. Nikolai alikuwa amepita na kelele zake.

"Ni mama?" aliuliza.

"Ndiyo. Yuko hai. Mafuta yalikuwa yake, mama. Yote."

"Nilikuuliza siku ile kama umesikia."

Nilifunga mlango nyuma yangu, baridi isimpige.

"Wanampeleka na ndege?"

"Ndiyo."

Akatazama viatu vyake. Alikuwa bado amevivaa, siku ya tatu sasa. Kisha akatoa bomba puani, akalikunja taratibu kama anavyokunja nyuzi za wavu, akaninyooshea mkono.

"Lete chupa ndogo. Naenda naye."

"Mama, huko ni Bethel. Fedosia akikuona uwanjani hatakurudisha mpaka masika. Ndicho anachotaka."

"Najua."

"Ulifunga mlango kwa kamba."

"Zenia," alisema, kwa sauti aliyokuwa akitumia nilipokuwa mdogo, "mara ile walinipandisha mimi, mama akabaki huku akafa. Sasa wanampandisha mama. Unataka nibaki?"

Fedosia alipotuona tunaingia uwanjani alichukua chupa ya mama akaibeba yeye. Walimlaza Evon chini upande mmoja na kumkalisha mama karibu na kichwa chake. Mama hakutazama dirishani. Alishika sikio la Evon kwa vidole viwili, alivyokuwa akinishika mimi nikiwa na homa. Mlango ukafungwa. Ndege ikapanda juu ya mto, na mto chini yake ulikuwa haubebi tena vipande. Ulikuwa umesimama.

30 Oktoba

Hakuna habari. Ndege aliyowekewa mama leo imekuja na kuondoka, kiti chake kitupu.

31 Oktoba

Hakuna habari. Nyumba ina joto na siwezi kukaa ndani yake. Kila jiko likiwaka nasikia mlio wa kile kidumu kikimiminwa.

1 Novemba

Mto umefunga. Nikolai ameuvuka kwa miguu na kurudi, akigonga kwa shoka mbele yake.

Ndege ya mafuta itakuja Jumatatu, dola kumi na nne. Baraza limeomba msaada wa serikali. Watu wameanza kuja zahanati na mitungi midogo ya mafuta kwa ajili ya Evon, kikombe, chupa ya chai, nusu dumu, kana kwamba yuko pale kuipokea. Fedosia anaiweka mstari ukutani.

2 Novemba

Nimeunganisha mrija wa jiko la Evon. Nimechukua madumu yake mawili ya buluu, nimechota kutoka tangi la mama, nimesukuma toroli hadi kwake, nikamimina. Safari nne. Nikolai aliniona.

"Mke wa mtu anapelekea mume mafuta," alisema.

Hakuna aliyecheka, yeye mwenyewe pia hakucheka. Akachukua toroli akaisukuma safari ya tano.

Nimewasha jiko la Evon ili mabomba yasipasuke. Nimetoa gunia kwenye tundu la nyumba ya mvuke na kulichoma.

3 Novemba

Mama amepiga simu. Simu ya wodi, inakata kata, na mashine fulani inalia nyuma yake.

"Amefumbua macho," alisema.

"Anaongea?"

"Hamjui Matrona. Mjukuu amezaliwa, wamemwekea kifuani, akauliza ni wa nani. Siku hajui. Mkono wa kushoto haufanyi kazi. Daktari anasema pengine akili itarudi, pengine haitarudi. Kila akilala wanaogopa hataamka."

"Na wewe, mama? Wewe anakujua?"

Simu ikakwaruza, nikadhani imekatika.

"Aliniangalia sana. Akasema, 'Mwanangu, umekula?'"

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia bado. Anauliza kila akiamka, na kila akiuliza nasema bado. Nikisema nimekula ataona kazi yake imekwisha, alale."

"Lakini unakula?"

"Nakula akiwa amelala."

Simu ikakatika kweli. Nje giza lilikuwa bado halijaondoka, na baridi ilikuwa imekaza mpaka misumari ya ukuta inalia. Nikavaa koti, nikachukua fimbo ya baba, nikaenda kupima matangi mawili.